Nukta mbili chini ya neno

Neno lenyewe lilikuwa fupi. Maalim akalisoma "bali", nami nikaandika "bali" daftarini, tukaendelea na ubeti uliofuata. Lakini mshairi alikuwa anasimulia jambo moja kwa utulivu, na ile "bali" ilimgeuza ghafla kana kwamba anajipinga mwenyewe. Tulikaa na ubeti ule wiki tatu. Maalim alisema labda mwandishi aliyenakili alikosea. Mimi nilidhani kuna ubeti umeruka.

Kila Alhamisi baada ya laasiri nakwenda kwake Ngamiani, hapa Tanga, tunakaa barazani na kusoma hati za zamani za Kiswahili zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili sekondari, hati hizi nimejifunza kwake ukubwani. Yeye ana miaka 71 na amesoma herufi hizi tangu utotoni. Picha za kurasa tunazipata mtandaoni. Maktaba ya SOAS kule London imeweka hati nyingi za Kiswahili wazi kwa kila mtu, na ukishapakua picha unasoma hata pasipo na bando. Tulikuwa tunazisomea kwenye kishikwambi changu cha inchi 8. (Nasema kishikwambi bila kuona haya. Tangu sensa ya 2022, vilipotumika kuhesabia watu na baadaye kugawiwa walimu, neno hili limeshakaa midomoni mwetu.)

Halafu akaja shemeji yangu kutoka Muscat, mkononi ana iPad mini, ile iliyotoka 2021. Nikamwomba dakika tano. Nikafungua ukurasa ule ule, ubeti ule ule. Chini ya herufi ya kwanza ya lile neno hapakuwa na nukta moja. Zilikuwa mbili, zimeachana vizuri, kila moja na umbo lake la kalamu ya mwanzi.

Yali. Neno lilikuwa "yali", yaani ilikuwa. Mshairi hakujipinga popote.

Anayesoma herufi hizi anajua kilichotupata. Be, te, nuni na ye zikiwa mwanzoni au katikati ya neno, mwili wake ni mmoja: kijino kidogo tu juu ya mstari. Kinachozitenga ni nukta. Moja chini ni be, mbili chini ni ye, moja juu ni nuni, mbili juu ni te. Nukta mbili zikigandana ukaona moja, umeshabadilisha neno, na huna habari kwamba umelibadilisha. Kioo hakikuambii "hapa sioni". Kinakuonyesha kidoa kimoja cheusi, nawe unakiamini.

Usiku ule sikulala mapema. Nilichukua rula na kikokotoo, nikavilaza vile vishikwambi viwili mezani.

Changu kilikuwa na pikseli, vile vidoa vidogo vya mwanga vinavyounda picha, 1280 kwa 800. Ukikisimamisha wima, upana wa kioo ni kama sentimita 10.8, na ndani ya upana huo mna pikseli 800. iPad mini ya shemeji ni inchi 8.3, pikseli 2266 kwa 1488. Upana wake ukisimama ni kama sentimita 11.6. Tofauti ya upana haifiki hata sentimita moja, lakini pale kwangu palipo na pikseli 800, kwake zipo 1488.

Sasa chukua ukurasa wa utenzi. Katika hati nyingi ubeti mzima umeandikwa kwenye mstari mmoja: vipande vinne vimefuatana, kila kimoja mizani nane, yaani silabi nane. Hizo ni mizani 32 kutoka ukingo hadi ukingo. Ukiondoa pambizo, kwenye kioo changu kila mizani inapata kama pikseli 22. Ndani ya pikseli hizo 22 inabidi ikae herufi, irabu yake juu au chini, nukta zake, na ule uwazi mwembamba kati ya nukta na nukta. Uwazi huo ndio unaokufa kwanza, maana hauna pikseli yake mwenyewe. Kwenye iPad kila mizani inapata kama 40. Uwazi unabaki.

Najua utaniambia, si ukuze picha kwa vidole? Tunakuza, sana. Lakini ukikuza unapoteza mstari. Anayesoma utenzi anategemea vina: vipande vitatu vya kwanza vinafuatana kwa kina chao na cha nne kinafunga kwa kina cha utenzi mzima. Neno likiwa limefifia, kina cha kipande cha jirani ndicho kinachokwambia linaishia vipi. Kwa hiyo jicho linataka vipande vyote vinne kwa pamoja. Na hata kukuza kwenyewe hufanyi mpaka ushuku. Sisi hatukushuku nukta, tulimshuku mwandishi wa watu, marehemu ambaye alikuwa ameandika sawasawa.

Ndiyo maana sasa nikiulizwa kuhusu kishikwambi kidogo, naanza na namba moja tu: pikseli ngapi kwa kila inchi. Changu cha zamani kilikuwa na 189, iPad mini ina 326. Jicho lenye afya, kwa umbali wa sentimita 40, linatenganisha vitu vilivyoachana kwa takriban milimita 0.12. Pikseli moja ya kioo changu ilikuwa na upana wa milimita 0.13 hivi, yaani jicho linakaribia kuziona moja moja, na mviringo wa nukta unakuwa na kingo za msumeno. Ya iPad haifiki milimita 0.08. Maalim na miwani yake haoni pikseli, anaona wino.

Kuna jambo linaniuma hapa, na nitalisema. Kaka yangu ana Nexus 7 ya 2013, ile ambayo Asus waliitengenezea Google. Kioo chake ni inchi 7, pikseli 1920 kwa 1200, yaani 323 kwa inchi. Ilipotoka Marekani iliuzwa dola 229. Mwaka mmoja kabla yake, Nexus 7 ya kwanza ilikuwa na pikseli 216 kwa inchi, na iPad mini ya kwanza 163 tu. Kwa mwaka huo mmoja wote wawili waliruka, Apple wakafika 326. Nilipoona hivyo nikatarajia miaka kumi baadaye kila kishikwambi kidogo cha bei ya wastani kiwe na kioo cha namna hiyo. Galaxy Tab A9 ya 2023, ambayo ndiyo niliyoonyeshwa kwanza madukani nilipotaka kidogo cha Samsung, ni inchi 8.7 na pikseli 1340 kwa 800. Piga hesabu: 179 kwa inchi. Prosesa yake, Helio G99, ni nzuri. Ina nafasi ya memori kadi, ina tundu la hedifoni, ipo ya kuweka laini. Kwa mtoto wa kutazama katuni na masomo ya video sina neno nayo. Lakini upana wake ukisimama ni pikseli 800 zile zile za kishikwambi changu, na utenzi hauwezi kukaa humo. Watu wa kusoma tulisahauliwa simu zilipokua kubwa.

Dukani utaambiwa "HD hii, Mwalimu". Pikseli 1280 kwa 800 nazo zinaitwa HD. Nimeacha kabisa kusikiliza herufi hizo, naomba namba mbili za pikseli na inchi za kioo, hesabu nafanya mwenyewe.

Jambo la pili kwangu ni kioo kutazamika kwa ubavuni, kwa sababu tunasoma wawili. Maalim yuko kulia kwangu, kishikwambi kiko kati yetu, hakuna anayekitazama moja kwa moja. Kwenye karatasi za sifa, penye aina ya kioo, utakuta kimoja kimeandikwa TFT na kingine IPS, na wengi hudhani TFT maana yake ni kibaya. IPS nayo ni TFT, jina hilo peke yake halikuambii kitu. Mimi hufungua picha yenye weusi mwingi, nakilaza kishikwambi mpaka nakiona kwa ubavu kabisa. Weusi ukigeuka majivu, au rangi zikijipindua, nakirudisha. Jaribio hili halichukui hata dakika na muuzaji hawezi kulikataa.

La tatu ni mng'ao, na hapa nilijifunza kwa hasara. Kile kishikwambi changu kiliwahi kudondoka sakafuni, tachi, yaani kile kioo cha juu unachogusa, ikapasuka, kioo cha ndani kikabaki kizima. Kwenye vishikwambi vya bei nafuu tachi na kioo mara nyingi ni vitu viwili vilivyoachana, kati yake pana hewa, na hapo ndipo mng'ao unapoongezeka. Faida yake ni kwamba fundi anabadilisha tachi peke yake, na ni nafuu. Fundi niliyempelekea alibadilisha siku ile ile. Nilipokaa barazani nikaona vumbi limefungiwa ndani, chembe ndogo ndogo nyeusi ambazo hazifutiki. Fikiria kusoma hati inayotegemea nukta, na kioo chenyewe kina nukta zake! Kuna neno tulilibishania hadi nikasogeza picha, nukta ikabaki palepale haikwenda na ukurasa.

Kwenye iPad mini tachi na kioo vimegandishwa pamoja, hewa hakuna, na juu kimepakwa dawa ya kupunguza mng'ao. Jua la jioni likiingia barazani maandishi bado yanasomeka, na wino unaonekana uko juu kabisa, kama karatasi. Gharama yake ni kwamba kikipasuka unabadilisha chote. Pamoja na hayo, kwa kazi yetu mimi nachagua kilichogandishwa, na kava nene.

Mengine nitayapitia haraka. Kasi ya kioo kuchora picha upya, mara 60 au 120 kwa sekunde, kwa ukurasa uliotulia haina kazi. RAM, ile memori ya kufanyia kazi, ina kazi kuliko wanavyodhani wasomaji: picha ya ukurasa yenye pikseli 6000 kwa 4000 ikifunguliwa yote inakula kama MB 96 za RAM, hata kama faili lenyewe ni MB chache. Fungua kurasa tano za kulinganisha, kishikwambi cha GB 2 kinaanza kuhema. Kuanzia GB 4 tumepumua. Memori kadi kwangu ni ya lazima, maana hati moja nzima ni mamia ya picha, na iPad haina nafasi ya kadi. Nexus ya kaka haina pia, na Android yake rasmi iliishia 6.0.1. Yeye anasomea vitabu tu na hataki kuiachia, simlaumu.

iPad mini ya 2024 ilipotoka ilianzia dola 499 huko Marekani. Hapo ndipo nilipofunga mahesabu ya iPad.

Nilichonunua mwishowe sikukisikia kwa muuzaji yeyote. Ni Galaxy Tab Active3, ya 2020, iliyokwishatumika, nimeipata Dar. Samsung waliitengenezea watu wa maghala na viwanda, ndiyo maana haizungumzwi. Inchi 8, pikseli 1920 kwa 1200, yaani 283 kwa inchi. Katika ule mstari wa utenzi kila mizani inapata zaidi ya pikseli 30. Haifikii iPad, lakini uwazi kati ya nukta upo. Ina GB 4 za RAM, nafasi ya memori kadi, tundu la hedifoni, na kalamu yake, ambayo natumia kuzungushia maneno ya kurudi kuyauliza. Haiingii maji wala vumbi. Na betri inatoka! Unafungua mfuniko wa nyuma kwa kucha, unatoa betri, unaweka nyingine, kama simu zetu za zamani. Kwa kitu kilichotumika hilo lilinipa moyo kuliko prosesa yoyote, kwa sababu betri ndiyo inayozeeka kwanza. Unene wake nausamehe. Uzito wake, zaidi ya gramu 400, ulinitia wasiwasi, si kwangu bali kwa mikono ya Maalim.

Alhamisi ya kwanza nilimkabidhi bila kusema chochote, ukurasa wa "yali" ukiwa wazi. Akapandisha miwani, akakishika kwa mikono miwili, akasogeza kidole chini ya mstari pole pole kama anavyofanya kwenye karatasi.

"Mbili," akasema. "Mwanangu, hizi ni mbili."

"Ni mbili, Maalim."

Akanyamaza kidogo, halafu akamwombea rehema yule mwandishi, kwa sauti, akimtaja kwa kazi yake maana jina lake hatulijui. Kisha akaita mjukuu wake alete marufaa kutoka ndani. Akakiweka kishikwambi juu yake, kikakaa pale pa msahafu kama kimechongewa, mikono yake ikawa huru kushika tasbihi.

Tumerudi mwanzo wa utenzi. Kila "bali" na kila "nali" niliyoiandika daftarini tunaihakikisha upya, na mpaka juzi tumeshabadilisha nne.