Gari kuchemsha Kitonga, kumbe temostati
Jamani juzi napanda mlima Kitonga naenda Iringa, mara mshale wa tempericha huoo juu kabisa, nikazima AC nikapaki pembeni. Mfuniko wa rejeta sikugusa, yale maji yakikurukia usoni utajuta. Ilipopoa nikacheki, maji yapo, feni inazunguka, sasa nini? Nikawasha tena ikapata moto, nikagusa paipu ya juu ya rejeta inaunguza, ya chini baridiii. Nikajua maji hayazunguki.

Fundi wa kwanza hata hajafungua boneti vizuri anasema gasketi ya silinda hedi imekufa, nikamuaga. Wa pili akatoa temostati (kile kivalvu kinachofunguka injini ikipata moto ili maji yazunguke kwenda kwenye rejeta) tukaichemsha kwenye sufuria kuukuu ya mama ntilie (alisema tusimrudishie tena), maji yanatokota yenyewe imeganda tu, wakati nyingi huanza kufunguka kwenye nyuzi 82 mpaka 90 hivi. Akataka niendeshe bila temostati kama wengi wanavyofanya, nikagoma, injini inachelewa kupata moto halafu inakunywa mafuta balaa. Nimefunga mpya na kuweka kulanti (yale maji maalumu ya kupoza injini), mshale umetulia katikati.