Siku moja maishani mwangu: nalipwa kumtazama mtoto akikosea nikanyamaza

Saa kumi na moja na nusu alfajiri nishaswali, rekoda iko chaji, penseli 4, karatasi, fomu, zote mkobani. Mamangu huniuliza kila siku, "Mwanangu, leo wenda kutengeneza kompyuta wapi?" na mimi kila siku nacheka tu manake kueleza nishachoka.

Sitengenezi kompyuta jamani. Nafanya utafiti wa vile watu wanafundishwa na wanajifunza kuandika programu, wapi wanakwama na kichwani wanafikiria nini wakikwama. Watu wakisikia hivyo wanashika neno moja tu, kompyuta. Jirani yangu hapa Likoni ashaniletea laptopu 2 na tivii.

Feri, matatu, daraja la Nyali, mahamri na mbaazi njiani, saa mbili niko getini kwa shule moja huko Kisauni. Soja ataka barua, ile ile aliyoiona juzi, na leseni ya NACOSTI, ile tume ya serikali inayoruhusu utafiti, na leo ameigeuza akasoma hadi nyuma ambako hakuna kitu.

Saa tatu kipindi cha kompyuta. Wanafunzi 41, mashine zinazowaka 12. Nakaa nyuma na kila dakika 5 naandika nani ameshika mausi, hadi kengele. (Ni wavulana, tena wale wale.)

Saa nne ya chai ndo siku ikaharibika. Nilikuwa naelekea kwa msichana mmoja wa Form Three tuliyepatana naye, nasikia nyuma yangu, "Madam wa kompyuta! Mungu kakuleta!" Dipyuti, naibu wa mwalimu mkuu. Printa imekwama na projekti za Form Four zataka kuprintiwa leo. Nikamwambia mwalimu mimi ni mtafiti, naangalia watoto wanavyojifunza, printa sizijui. Akaniambia, "Si ni hiyo hiyo?" Na huwezi kumuudhi dipyuti manake ufunguo wa kile chumba ninachotumia uko mfukoni mwake, basi nikavua saa nikaingiza mkono, nikatoa kipande cha karatasi, ikaprinti ukurasa mmoja na nusu ikakwama tena, nikatoa tena, wino mpaka kwenye kiwiko, mara akaleta na simu yake ati imejaa, nimfutie video za magrupu lakini nisifute za harusi. Na huku natoa jasho yeye ananieleza watoto wa siku hizi wavivu, ndo maana programu haziwaingii. Hapo sikunyamaza. Nikamwambia mwalimu, mwaka 2001 mtafiti Michael McCracken na wenzake waliwapa wanafunzi 216 wa vyuo vikuu mtihani wa kuandika programu, walikuwa washasoma kozi za mwanzo, wastani wao ukawa alama 22.89 kati ya 110. Wa vyuo vikuu, hao! Akafikiria kidogo akasema, "Basi hao pia walikuwa wavivu."

Nikampata msichana saa tano imeshapita, na stima hapo zikapotea. Sisi twafanya kwa karatasi kwa hivyo sikujali, ila feni ilisimama, na mwajua chumba cha mabati mwezi huu kikoje. Nikawasha rekoda nikamwekea mistari minne ya programu:

a = 5
b = a
a = 7
print(b)

Itatoa nini? Jibu ni 5. Akaandika 7, haraka, bila wasiwasi.

Sasa hapa ndo kazi yangu ilipo na hapa ndo hakuna anayeamini kama ni kazi. Siruhusiwi kusema "hapana." Siruhusiwi hata kukunja uso. Naruhusiwa kusema "endelea kuniambia unavyofikiria" na kungoja, na kungoja kwenyewe kunachosha kuliko kubeba maji. Akasema, "Madam, b si ameambiwa yeye ni a? Sasa a akiwa 7 na b atakuwa 7. Ni kama mtu na kivuli chake." Nikamuuliza, na kompyuta yajuaje? "Yajua tu. Si iliambiwa?" Nikakumbuka mtafiti Roy Pea, aliandika mwaka 1986 kuwa wanaoanza programu hufanya kama ndani ya kompyuta kuna akili imejificha, inaelewa mtu anakusudia nini. Pea hakuwahi kukaa kwenye mabati haya lakini mtoto ni huyo huyo. Akafuta 7, akatazama uso wangu, hakuona kitu, akairudisha 7. Akafuta tena mpaka karatasi ikatoboka. Mate yalinikauka kwa kujizuia.

Rekoda ikizimwa naruhusiwa kufundisha. Nikachukua vipande viwili vya karatasi, kimoja a kimoja b, nikaandika 5 kwa a, nikainakili kwa b, nikafuta ya a nikaweka 7. Akaviangalia kitambo. "Kumbe b hana habari!" Kisha akakasirika, "Sasa mbona waandika alama ya sawasawa? Si wangeweka mshale tu?"

Nikabaki mdomo wazi. Iko lugha ya programu ya miaka ya 1960, APL, na kweli yaweka mshale.

Baada ya hapo sijui saa, ilikuwa saba ama nane, viazi karai nilivila nimesimama, nikakusanya fomu za wazazi (nilitoa 24, zimerudi 11, moja imelowa mchuzi), jua, matatu, feri imejaa, miguu.

Usiku nanakili sauti. Ile programu ya kunakili haijui Kiswahili chetu cha kuchanganya, "bii ni ei" imeandika "Bi Niye", kwa hivyo nasikiliza nikiandika kwa mkono, dakika moja ya sauti yanila karibu dakika sita. Nikafika pale pa kimya. Sekunde 40 hakuna neno, kifutio tu kinakwaruza, halafu sauti yake ndogo, "Madam, nimekosea?" na yangu, kavu kama si yangu, "Endelea kuniambia unavyofikiria."

Mlango ukabishwa. Jirani, na redio.