Nilivyofuatilia Matibabu ya Mama kwa Kadi ya Bima

Mimi ni mtumishi wa umma nchini Tanzania. Kila mwezi asilimia 3 ya mshahara wangu hukatwa kwenda Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, naye mwajiri huchangia asilimia 3 nyingine, na kwa michango hiyo nilimwandikisha mama kuwa mtegemezi wangu. Alipoanza kuhudhuria kliniki ya kisukari, nililazimika kujua fedha hizo zinaifikiaje hospitali, kwa sababu kadi peke yake haikumaliza maswali ya dirishani.

Mfuko haumkabidhi mgonjwa fedha. Hospitali humhudumia kwanza, kisha hupeleka fomu ya madai inayotaja ugonjwa, vipimo na dawa, ikidai kwa bei zilizopangwa kwenye kitita cha mafao, yaani orodha ya huduma na dawa ambazo mfuko hulipia. Kisichokuwemo kwenye kitita, au kisichooana na ugonjwa ulioandikwa, mfuko unaweza kukikataa. Bei hizo ndizo zilizozua mvutano mwezi Machi 2024, kitita kipya kilipoanza kutumika na baadhi ya hospitali binafsi zikasitisha kwa muda kuwahudumia wanachama. Sisi haukutugusa, maana mama alikuwa akitibiwa hospitali ya serikali.

Huko nako kulikuwa na yake. Siku moja tuliambiwa dawa imekwisha, tukanunue nje kwa fedha taslimu. Nilimwomba mfamasia atupatie fomu ya kuchukulia dawa kwenye duka lenye mkataba na mfuko, naye akajibu kuwa fomu nazo zimekwisha. Mama akamwambia, "Haya mwanangu, tutasubiri," akaketi kwenye benchi mbele ya dirisha lake. Fomu ilipatikana, daktari akaijaza na kuigonga muhuri, na dukani hatukutoa hata shilingi.

Jambo jingine nililolisimamia ni sahihi ya mgonjwa kwenye fomu ya madai, ambayo wagonjwa wengi huitia bila kusoma kwa kuwa foleni inawasukuma. Safari moja niliona kwenye fomu kipimo cha figo ambacho daktari alikiagiza lakini maabara haikukifanya kwa kukosa vitendanishi, yaani kemikali za kupimia. Sikumwita mtu mwizi. Nilimwonyesha karani mstari huo, akaukata kwa kalamu, ndipo mama akasaini. Tangu hapo hasaini mpaka asomewe orodha yote, hata walio nyuma yake wakiguna.