Siku moja maishani mwangu: mtaalamu wa tiba ya mazoezi ya nyonga

Saa 1:30 asubuhi
Nafika, nafungua dirisha, naweka shuka safi kitandani. Glovu zipo, jeli ipo, pesari (pete za kuvaa ukeni) za saizi zote zipo, na ile nyonga yangu ya plastiki ipo mezani inasubiri kutisha watu. Watu wakiniuliza nafanya kazi gani nasema natibu mkojo unaovuja na kizazi kinachoshuka, wanacheka, halafu baada ya dakika tano mmoja ananivuta pembeni, "hivi dada, nikipiga chafya mkojo ukitoka kidogo ni kawaida?" Hutokea kwa wengi sana, ndio, ila kuwa nao wengi haimaanishi uvumilie.

Saa 2
Wa kwanza ni mama wa watoto watatu (wagonjwa wote humu nimewachanganya makusudi ili asijulikane mtu). Akikohoa unatoka, akicheka unatoka, kuruka ndio kabisa hathubutu. Kafanya Kegel (mazoezi ya kukaza misuli ya chini) za kwenye simu miezi na miezi, hamna kitu. Namwonyesha kwenye plastiki: misuli ya sakafu ya nyonga imetandazwa kama wavu kutoka mfupa wa mbele wa kinena hadi kifupa cha mkiani, juu yake vimekaa kibofu, kizazi na utumbo wa mwisho, ujauzito na kuzaa vinaivuta na wakati mwingine inachanika. Basi kwa ruhusa yake nampima kwa kidole, namwambia kaza, na yeye... anasukuma kwenda chini! Yani miezi yote hiyo alikuwa anafanya kinyume na wala si kosa lake, hakuna aliyewahi kumshika akamwambia.

Hapa huwa naudhika kidogo. Arnold Kegel, daktari Mmarekani aliyeandika kuhusu haya mazoezi mwaka 1948, hakusema tu "kaza". Alikuwa na kifaa kinachoingizwa ukeni, mgonjwa anaona mwenyewe kwenye geji kama misuli inabana au la. Dunia ikachukua mazoezi, kipimo ikakiacha.

Tunaanza upya. Funga njia ya haja kubwa kana kwamba unazuia hewa isitoke, halafu vuta kuja mbele na kwenda juu, makalio yatulie, tumbo lisikakamae, na upumue jamani, watu wanabana pumzi mpaka macho yanatoka. Nguvu yake nimeipa 2 kwenye skeli ya 0 hadi 5. Kazi ya nyumbani: mikazo angalau 8, mara 3 kwa siku, kwa miezi 3 ndipo tuongee habari ya kushindwa. Na akihisi kikohozi kinakuja akaze KABLA hajakohoa, hiyo peke yake inapunguza mengi. Ile ya kukata mkojo katikati kila siku kama zoezi aache, inavuruga kibofu kumaliza kazi yake.

Saa 4
Binti, ana maumivu wakati wa tendo la ndoa, choo kigumu, mkojo unachelewa kuanza. Aliambiwa misuli imelegea akaze zaidi. Nikigusa kwa nje tu anaruka. Misuli yake haijalegea hata kidogo, imekakamaa, haijui kuachia, sasa ukimpa Kegel huyu unamwongezea maumivu. Nimemsimamishia mazoezi yote. Kwanza ajifunze kupumua kwa tumbo, hewa ikiingia sakafu ya nyonga inashuka na kulainika, halafu chooni aweke kistuli chini ya miguu magoti yawe juu ya nyonga, ainame mbele, asijikamue. Vile vijiti laini vya kunyoosha uke tutavianza akiwa tayari, na kasi ataipanga yeye. Alilia kidogo, hasa nilipomwambia maumivu yake si ya kichwani.

Saa 5:30
Bibi. Kaingia anatembea miguu imeachana, "mwanangu kuna kitu kinashuka, nikisimama muda mrefu nakihisi, ni kansa?" Si kansa bibi, ni ukuta wa mbele wa uke umelegea na kibofu kimeegemea hapo. Tunapima kwa sentimita toka mlangoni mwa uke, wakati anajikamua, tunapanga kuanzia hatua ya 0 hadi ya 4, yake ni ya 2. Hapa lazima niseme ukweli, mazoezi yanaweza kupunguza ule uzito lakini kilichoshuka sana hakirudishwi kwa mikazo. Nimemjaribishia pesari, pete ya silikoni inayokaa ndani na kushikilia juu. Kaitembea koridoni, kachuchumaa, kakohoa, kaenda kukojoa (usimruhusu mtu aondoke na pesari kabla hajakojoa, ikibana njia atarudi usiku na kibofu kimejaa). Imekaa! Daktari kamwandikia krimu ya estrojeni (homoni ya kike) maana baada ya hedhi kukoma ngozi ya ndani inakuwa nyembamba na pete inaweza kuichubua. Atarudi tuitoe tuioshe tuangalie.

Akauliza habari ya operesheni. Ipo, na kuna wanaoihitaji kweli, ila aulize inafanywaje. Wavu wa plastiki uliokuwa unawekwa kupitia ukeni kwa ajili ya kizazi au kibofu kushuka, mamlaka ya dawa ya Marekani ilizuia usiuzwe tena huko Aprili 2019 kwa sababu watengenezaji hawakuthibitisha usalama na faida yake. Kushona kwa nyuzi na nyama za mtu mwenyewe ni habari nyingine.

Saa 7
Nakula. Simu ya nesi: kuna mama amejifungua baada ya uchungu wa siku nyingi, anavuja usiku na mchana bila kukohoa wala kubanwa, nimwanzishie mazoezi? Hapana hapana hapana, huyo aangaliwe fistula, ni tundu kati ya kibofu na uke, tundu halikazwi kwa Kegel, apelekwe kwa daktari wa upasuaji haraka na kwa sasa awekewe katheta (mpira wa mkojo).

Saa 8
Mzee aliyetolewa tezi dume. Shikamoo, marahaba, kisha kimya kirefu. Wanaume wanadhani hiki chumba ni cha kina mama, na misuli wanayo. Namwambia asimame, avute uume kama anaurudisha ndani na korodani zipande kidogo. Kapata mara ya kwanza, akatabasamu. Baada ya operesheni ile kuvuja kwa kawaida kunapungua mwezi hadi mwezi, wengine karibu mwaka. Tatizo alikuwa amekata maji ili asivuje, sasa mkojo mzito unakichokoza kibofu na kibofu kinazidi kuita. Kunywa mzee, taratibu tu, usiku upunguze.

Saa 9:30
Dada wa ofisini kaja na shajara yake ya kibofu ya siku 3, napenda wagonjwa wa hivi. Anaenda chooni kila baada ya dakika arobaini, anatoa mililita 80, 100, wakati kibofu cha mtu mzima kinabeba 300 hadi 400 bila shida. Kahawa asubuhi, kahawa mchana, na kila anapotoka anakojoa "usije ukanibana njiani". Kibofu kimezoea kuita kikiwa nusu tupu. Haja ikija asikimbie, akae, akaze haraka haraka mara kadhaa, misuli ya chini ikikaza kibofu kinapata ishara ya kutulia, wimbi likipita ndio aende kwa kutembea. Anaongeza dakika 10, 15, wiki hadi wiki, tunaipa wiki 6. Isipotosha dawa zipo.

Saa 11
Naandika mafaili. Huwa nauliza wote swali moja hata kama wanaona halihusu: kuna ganzi sehemu za siri, miguu imeishiwa nguvu ghafla, mkojo umegoma au unajitokea? Jibu likiwa ndio ni dharura ya uti wa mgongo, aende hospitali leo leo. Damu kwenye mkojo nayo tusiisingizie misuli, aonane na daktari.

Meseji ya rafiki: "shoga nitumie video ya Kegel nakojoa kojoa". Nimemuuliza: unavuja ukikohoa au ukiwa unawahi choo? Kuna maumivu? Choo kinatoka vizuri? Kanitumia dole gumba.