Kanisa Lililopanda Mlima

Kanisa lilikuwa limepanda mlima. Ndivyo kompyuta ilivyokuwa ikiniambia usiku ule wa Septemba 2018, katika chumba cha nyumba ya wageni kwenye bonde moja la Tirol, Austria. Kuta na mnara wake vilikuwa vimesogea sentimita 6 kuelekea mlimani, na nyumba za jirani zote hivyo hivyo. Mteremko wenyewe, ule tuliotumwa kuuchunguza, ulikuwa kijani kitupu. Kwenye programu yetu kijani maana yake haujasogea.

Kutwa nzima tulikuwa ukingoni mwa mto na skana ya leza juu ya miguu yake mitatu. Hurusha mipigo ya mwanga, kila mpigo ugonge mwamba na kurudi, na kutokana na muda wa safari hiyo hupata umbali. Ndani ya sehemu moja ya bilioni ya sekunde mwanga huenda sentimita 30 tu. Saa ya ndani ya chombo ikiyumba kidogo, na mlima unayumba. Asubuhi hatukufanya kitu. Mwamba uliolowa hunywa mwanga, ukungu huutawanya, ikabidi tungoje jua hadi saa tano. Mwishowe ukapatikana msongamano wa mamilioni ya nukta unaoitwa wingu. Wingu la leo hulazwa juu ya lile la Juni, na palipoachana ndipo palipotembea, ukishaondoa nyasi zilizorefuka, maana nazo huonekana kama ardhi iliyovimba.

Kulilaza wingu ndiko kugumu. Lazima uwe na vitu ambavyo una hakika havikusogea. Vyetu vilikuwa vibao vinne vya alama, vimefungwa kwa bolti kwenye majabali chini ya mteremko. Wenzetu waliotutangulia waliyaona ni mwamba mama, yaani mwamba wa chini usiosogea, nasi tukapokea hivyo hivyo.

Nilikuwa nimekwisha kuandika sentensi ya kwanza ya ripoti: mteremko umetulia. Kanisa nikaliweka kwenye hitilafu za kipimo. Kisha nikaacha kuandika.

Mimi ni Mpare wa Mamba, wilaya ya Same. Novemba 2009, baada ya mvua kubwa, udongo uliporomoka Goha na kuua watu zaidi ya 20, wengine wa ukoo mmoja. Juu ya shamba letu la tangawizi, si mbali na hapo, kulikuwa na ufa. Bibi aliuona kabla ya mvua. Kila alipopanda shambani aliufukia kwa jembe, na aliporudi aliukuta umefunguka tena. Alitusimulia tukiwa tunakula, nasi tukamwitikia, "Ndiyo, Bibi." Hakuna aliyekwenda hata na kamba kuupima. Shamba letu halikwenda, lakini nilisomea upimaji pale Chuo Kikuu Ardhi kwa sababu ya ufa ule, na sijawahi kumwambia mtu.

Nikalitazama tena lile kanisa. Jengo la mawe halipandi mlima, wala kijiji kizima hakisogei pamoja kama kundi la mbuzi. Ila nikiwa nimekaa ndani ya mtumbwi unaoelea, nitaona ufuko ndio unaokwenda. Nilivitupa vibao vyote vinne. Nikalilaza wingu upya kwa kutumia kuta za kanisa, mapaa, na genge la mwamba upande wa kanisa, mbali na mteremko. Ilikuwa saa nane usiku. Kijiji kikageuka kijani. Mteremko mzima, pamoja na majabali yetu, ukawa mwekundu: sentimita 6, kuja bondeni.

Nilimgongea msimamizi wangu, mama wa makamo, mjiolojia. Alikuja amejitanda blanketi, akatazama bila kusema neno, akaniambia nirudie hesabu mbele yake. Nikarudia. Mkesha wa Krismasi uliotangulia, mwamba wa zaidi ya meta za ujazo 100,000 ulikuwa umeporomoka Vals, huko huko Tirol, ukafunika barabara. Hakuna aliyekufa, lakini nyumba zilinusurika chupuchupu. Hakunitajia habari hiyo. Alichukua simu akawaamsha wahusika usiku ule ule.

Kulipopambazuka tulipanda hadi kwenye majabali. Nyuma ya lile kubwa kuliko yote kulikuwa na kuvu nene, ya kijani, nzuri kama zulia. Aliibandua kwa nyundo. Chini yake palikuwa na ufa, na upepo baridi ukitoka ndani. Niliingiza mkono ukazama hadi kifundo.

Nilitoboa matundu mawili, moja kila upande wa ufa, nikapigilia misumari ya chuma, nikavuta utepe. Milimita 83, saa mbili na dakika kumi asubuhi. Nikaandika kwenye daftari kwa kalamu ya wino, na chini yake nikapiga mistari ya safu za siku zijazo.