Chai kwanza, fomu baadaye

Leo nimeshinda na vijana 11 wapya waliokuja kujitolea kwenye makao yetu ya familia zisizo na pa kulala, hapa Nairobi. Fomu niliziweka kando. Niliwaanzia Aprili 2024, mto Mathare ulipofurika usiku na familia zikahamia madarasani. Shule zenyewe hazikufunguliwa hadi Mei 13.

Nilikuwa mgeni kwenye kazi hii. Akaingia mama, leso imelowa chapachapa, mtoto mgongoni, mkononi vyeti vya kuzaliwa vya wanawe vimefungwa kwa nailoni. Nami namwuliza nambari ya kitambulisho! Mzee wa mtaa akaninong'oneza, "Mwanangu, mpe chai kwanza." Alishika kikombe kwa mikono miwili, hakunywa mpaka mtoto aliponywa.

Basi saa nzima tumefanya mazoezi ya kupokea mtu tu: kumwita kwa jina, kuketi naye, kutompiga picha, kutowatenganisha ndugu. Na taa ya choo iwake usiku kucha, hilo nimelirudia mara tatu.

Kijana mmoja akauliza, "Na akikataa kuongea?"

Mwache. Mpe blanketi, mwonyeshe choo, urudi asubuhi.

Kesho saa moja wanaanza zamu.