Kompyuta waliyosema haifai ndiyo iliyoprogramu vipimajoto vya mabani Urambo

Watu watatu hapa Tabora mjini waliniambia kompyuta yangu haifai kuprogramu bodi, zile kompyuta ndogo za kuendeshea vifaa: fundi mmoja, rafiki niliyesoma naye, na kijana anayeuza kompyuta. Kila mmoja aliishia pale pale, tafuta pesa ununue mashine mpya. Yangu ni mpakato wa zamani, RAM ya GB 4, diski ile ya kuzunguka, betri ya saa moja na kitu. Leo imeshaprogramu vipimajoto vitano vinavyofanya kazi kwenye mabani, yaani majengo ya kukaushia tumbaku, huko Urambo, na sijaiongezea hata kipuri kimoja. Naandika kwa sababu ushauri ule ulikaribia kunipotezea msimu mzima, na najua yupo kijana mwingine mahali fulani anaambiwa hivyo hivyo sasa hivi.

Baba yangu mdogo analima tumbaku ya mvuke, ile inayokaushwa kwa joto la moto. Anayeijua anajua kwamba shamba ni nusu ya kazi, nusu nyingine ni bani. Majani yakishaning'inizwa unawasha moto, unaanza na nyuzi 35 hadi 40 mpaka yageuke manjano, kisha unapandisha kidogo kidogo kwa siku kadhaa hadi ule uti mnene wa katikati ya jani ukauke kwenye nyuzi 70 hivi. Ukipandisha haraka, jani linabaki na ukijani au linaungua. Ukipitiwa na usingizi, moto unashuka na kazi ya siku tatu inaharibika kabla ya alfajiri. Baba mdogo alikuwa akiamka kila saa na tochi kwenda kuchungulia kipimajoto. Nikamwahidi kifaa kitakachopiga king'ora joto likitoka kwenye kiwango alichokiweka.

Vifaa vyenyewe si vya ajabu: bodi ya ESP32, vihisi viwili vya joto vya DS18B20 vya waya mrefu vyenye ncha ya chuma, rezista moja ya kiloomu 4.7, kioo kidogo cha kusomea na king'ora. Nikaagiza Kariakoo, vikaja kwa basi. Pamoja na nauli ya kifurushi ilikuwa kama elfu hamsini, labda sitini.

Shida ilianza na Arduino IDE toleo la 2, programu ya kuandikia msimbo na kuupeleka kwenye bodi. Kufunguka tu ilichukua dakika kadhaa, na nikibonyeza kukompaili (kugeuza msimbo uwe lugha ya bodi) kompyuta inaganda, hata mshale wa mausi hausogei. Hapo ndipo wale watatu walipopatia hoja yao. Hakuna hata mmoja aliyenieleza jambo ambalo nilikuja kulisoma mwenyewe usiku: hiyo IDE ni sura tu. Kazi ya kupakua vifurushi, kukompaili na kupeleka programu kwenye bodi inafanywa chini kwa chini na programu ndogo iitwayo arduino-cli, na hiyo unaweza kuitumia peke yake kwenye terminali, kwa kuandika amri. Kinachomeza RAM ni sura. Msimbo unauandika kwenye kihariri chochote chepesi.

arduino-cli ni faili moja tu. Kilichokula bando ni kifurushi cha ESP32, mamia ya megabaiti, kwa kuwa ndani yake mna kompaila nzima. Nilikipakua usiku, mtandao ukakatika mara mbili, lakini faili ambalo limeshashuka lote linabaki kwenye folda ya .arduino15/staging, halirudiwi. Kuna jambo hapa ninalomwambia kila kijana anayenifuata: folda ya .arduino15 ikishakamilika, inakilike kwenye flashi. Vijana wawili wa hapa Cheyo nimewapa hivyo, wakaanza kazi siku hiyo hiyo bila kununua bando. Cha kuangalia ni mashine ziwe na mfumo wa aina moja. Yangu ilikuwa Ubuntu 22.04.

Kukompaili mara ya kwanza kulichukua dakika saba au nane. Mara ya pili haikufika dakika moja, kwa sababu sehemu kubwa imeshahifadhiwa na kinachorudiwa ni msimbo wako tu. Sikuamini. Nikafuta mstari mmoja, nikaurudisha, nikakompaili tena ili nione kama kweli.

Halafu bodi haikuonekana.

Nachomeka USB, taa nyekundu ya bodi inawaka, naandika arduino-cli board list, hakuna kitu. Nachomoa, nachomeka, hakuna kitu. Nikampelekea fundi. Akaitazama bodi mbele na nyuma, akasema imekufa, hizi za bei nafuu ndivyo zilivyo. Nikabadilisha waya, na kweli wa kwanza ulikuwa wa kuchaji tu, hauna nyaya za data ndani. (Waya wa USB upime kwa simu kwanza: kama kompyuta haioni faili za simu, huo si wa kazi hii.) Bado hakuna kitu. Nikajiongeza kwenye kundi la dialout, linaloruhusu akaunti kutumia bodi kama hizi, nikatoka na kuingia upya kwenye akaunti, bado. Nikaagiza bodi ya pili Kariakoo, nikasubiri basi siku mbili. Nayo ikafika, taa ikawaka, na kompyuta haikuiona.

Bodi ya pili ndiyo iliyoniondolea imani na maneno ya fundi. Haiwezekani bodi mbili zilizotoka viboksi tofauti zife kifo kimoja. Kama ni hivyo, mwenye neno la kusema ni kompyuta, na mimi nilikuwa sijaiuliza. Nikafungua terminali, nikaandika:

sudo dmesg -w

Amri hii inakuonyesha kile ambacho kiini cha mfumo kinasema, mstari kwa mstari, wakati ule ule kinaposema. Nikachomeka bodi macho yakiwa kwenye kioo. Mistari ikashuka. Kifaa kipya cha USB, namba 1a86 na 7523, yaani ile chipu ya CH340 inayounganisha bodi na USB. Kisha dereva wa chipu hiyo, ch341, akasema "ch341-uart converter now attached to ttyUSB0". Imeonekana! Imepewa hata jina! Lakini kabla sijavuta pumzi, ukashuka mstari mwingine uliotaja neno brltty, na baada yake "ch341-uart converter now disconnected from ttyUSB0". Bodi ilikuwa inaingia mlangoni, na kabla haijakaa kuna mtu anaivuta nje.

Huyo mtu ni brltty, programu inayokuja na Ubuntu kwa ajili ya wasioona wanaosoma kompyuta kwa kifaa cha nukta nundu. Baadhi ya vifaa hivyo vinatumia chipu hiyo hiyo yenye namba hizo hizo, kwa hiyo brltty ikiona 1a86:7523 inadhani kifaa chake kimefika, inakichukua. Bodi zangu zilikuwa nzima tangu siku ya kwanza. Nyumbani kwangu hakuna anayetumia kifaa cha nukta nundu, hivyo niliandika:

sudo apt remove brltty

Nikachomeka tena. ttyUSB0 ikatokea, ikabaki. Nilipiga ukelele mke wangu akatoka jikoni na mwiko mkononi. Kama kwenu yupo anayeitumia brltty, usiiondoe; nenda kwenye kanuni zake za udev, zinazoamua kifaa kikichomekwa kifanywe nini, uzime ule mstari mmoja wa namba hizo, yeye aendelee kusoma na wewe uendelee na bodi.

Tangu siku hiyo sipeleki bodi kwa fundi kabla ya dmesg.

Baada ya hapo kazi ilikwenda mbio. Nikachoka kurudia amri ndefu, nikaziweka kwenye Makefile, faili la kufupishia amri: "make" inakompaili, "make choma" inapeleka programu kwenye bodi, "make sikiliza" inasoma yale ambayo bodi inasema. Kumbuka mistari ya amri ndani ya Makefile inaanza kwa kitufe cha Tab. Ukitumia nafasi za kawaida itakuambia "missing separator" na kugoma. Ile ya kusikiliza ndiyo ninayojivunia:

arduino-cli monitor -p /dev/ttyUSB0 -c baudrate=115200 | ts | tee -a bani.log

Hiyo ts iko kwenye kifurushi cha moreutils. Inabandika tarehe na saa mbele ya kila mstari, na tee inaonyesha kwenye kioo huku ikihifadhi kwenye faili. Nitaeleza kwa nini mstari huu uliokoa kazi yote.

Kifaa cha kwanza nilikifunga Urambo mwenyewe. Usiku wa kwanza king'ora kililia saa nane, kioo kinaonyesha nyuzi 85. Baba mdogo akakimbia na kuanza kuvuta kuni nje ya tanuri kwa mikono. Tulipochungulia kipimajoto cha zamani, kilisoma 52. Saa kumi kikalia tena, 85. Asubuhi aliniambia, kwa upole ambao uliniuma kuliko ukali, "Mwanangu, hiki kidude nikikifuata kitanizimia bani." Aliyekuwa akinishauri kwa simu akasema kihisi ni feki, nikanunue kingine. Ushauri ule ule, nunua.

Sikununua. Usiku wa pili nikaketi nje ya bani na mpakato nimeuunganisha kwenye betri ya sola, "make sikiliza" inakwenda mpaka kunakucha. Asubuhi nikaandika:

grep -B1 -A1 "85.00" bani.log

Hiyo inatoa kila mstari wenye 85.00 pamoja na uliotangulia na uliofuata. Ikaja: 52.31, kisha 85.00, kisha 52.25. Tena: 53.06, 85.00, 53.06. Kila mara ni 85.00 kamili, haijawahi kuwa 84 wala 86, na joto la bani haliwezi kuruka nyuzi thelathini na kurudi ndani ya sekunde chache. Nikafungua karatasi ya maelezo ya DS18B20, nikaikuta: 85 ndiyo thamani kihisi hicho kinayokuwa nayo kinapowashwa, kabla hakijapima chochote. Kwa hiyo kihisi changu kilikuwa kinazimika na kuwaka.

Kwa nini? Nikazisoma saa zile za ts kwa sauti, na baba mdogo akiwa pembeni anakunywa uji. Saa 8:10 usiku. Saa 10:02. Akaweka kikombe chini. "Hizo ni saa nilizofungua mlango kuangalia majani." Waya wa kihisi ulipita chini ya mlango! Kila mlango ukifunguliwa waya unavutwa, muunganiko unaachia kidogo, kihisi kinaanza upya na kutamka 85. Tukatoboa tundu dogo ukutani, tukaupitisha waya huko na kuubana kwa msumari na kipande cha mpira. Kwenye msimbo nikaongeza kwamba ikija 85.00 ghafla, pima tena kabla ya kupiga king'ora. Usiku wa tatu hakikulia hata mara moja.

Jirani zake wakataka vyao. Siwezi kwenda Urambo kila nikibadilisha mstari mmoja, ni kilomita kama 90. Mdogo wangu, mtoto wa baba mdogo, yuko karibu na steshenari yenye kompyuta ya Windows, nikaamua afanye yeye. Mara ya kwanza nilimtumia faili la programu peke yake, akaliandika kuanzia 0x0, yaani mwanzo kabisa wa kumbukumbu ya bodi, bodi ikarudia kusema "invalid header" bila kuacha. Kosa langu: ESP32 inahitaji vipande vinne, kila kimoja na mahali pake. Nikaviunga kuwa kimoja kwa esptool, programu inayoandika faili kwenye bodi:

esptool.py --chip esp32 merge_bin -o moja.bin 0x1000 bootloader.bin 0x8000 partitions.bin 0xe000 boot_app0.bin 0x10000 bani.bin

Hizo namba ni za ESP32 ya kawaida. Kwenye ESP32 za aina ya S3 na C3, bootloader (kipande kinachoiwasha bodi) inaanzia 0x0. Faili lililotoka lilikuwa dogo, likapita WhatsApp bila tabu, pamoja na esptool ya Windows ndani ya zipu na faili la amri moja ya kulibofya. Yeye kazi yake ni kuchomeka bodi, kushika kitufe cha BOOT ikigoma kuunganika, na kubofya. Hajui kuprogramu na hahitaji.

Ila nilimfundisha kusoma mstari mmoja. Kila akimaliza bodi ananipigia picha ya kioo cha ile kompyuta ya steshenari, na mimi naitafuta "Hash of data verified" karibu na mwisho. Nikiiona namjibu, "Kafunge."